LUKU Inaisha Haraka? Mwongozo Kamili wa Kupima na Kupunguza Umeme wa Nyumbani

"Nimeweka umeme wa elfu kumi, hata wiki haijafika umeisha. Mita ni mbovu?" Swali hili haliishi. Mara nyingi mita ni nzima. Anayeuliza huwa ameshachomoa chaja ya simu, amezima taa za sebuleni na kuwagombeza watoto kuhusu TV, na salio bado linashuka vilevile. Alipunguza kabla ya kupima, akagusa vitu visivyokula umeme na kuacha vinavyokula. Simu inayochajiwa mara moja kwa siku haimalizi hata uniti moja kwa mwezi mzima, ilhali jagi moja la maji likichemka lita moja linachukua kama sehemu moja ya kumi ya uniti, kila linapochemka.

Mwongozo huu unaanza na kupima. Mifano ya bei ni ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla wa shirika la umeme la TANESCO, Tanzania Bara. Ukiwa Zanzibar na mita ya TUKUZA, au Kenya na mita ya tokeni, bei zako ni tofauti lakini hatua za kupima ni hizihizi.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu, vikae karibu na mita.
- Simu yenye saa ya kupimia sekunde.
- Risiti au ujumbe wa manunuzi ya LUKU ya miezi miwili iliyopita.
- Tochi, kama mita iko mahali penye giza.
- Noti moja ya karatasi, ya kupimia mpira wa mlango wa friji.
- Kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi, ukikipata. Si lazima. Ukinunua, chukua chenye plagi ya pini tatu bapa kama za soketi zetu na kinachobeba ampea 13. Cha plagi ya pini mbili za duara kitakulazimu utumie adapta, na adapta ya bei rahisi huyeyuka ikibeba pasi.

Tenga siku saba za kuandika na jioni moja ya kupima.

## Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Utazima na kuwasha swichi, utachomoa na kuchomeka plagi. Basi. Usifungue mita, usiguse lakiri yake, usifungue kifuniko cha meini swichi. Kuvunja lakiri ni kosa kisheria, na nyaya zinazoingia kwenye mita zina umeme hata kama umezima meini swichi.

Kama friji au bomba la bafuni linakutekenya mkono unapoligusa, ishia hapo. Hiyo si hasara ya uniti tena, ni hatari ya kifo. Zima meini swichi na uite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

## Hatua ya 1: Acha kuhesabu shilingi, hesabu uniti

Watu wengi hupotea hapa. "Elfu kumi" haikupi uniti zilezile kila unaponunua, kwa hiyo huwezi kuitumia kulinganisha mwezi na mwezi.

Fungua risiti. Utaona bei ya umeme wenyewe, VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kawaida, yaani T1, anatozwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya makato hayo, na kama 356 baada yake. Elfu kumi inampa uniti 28 hivi.

Kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi kuna pia kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Siku hiyo elfu kumi ileile inatoa chini ya uniti 24. Mita haijakuibia, uniti nne zimekwenda kwenye kodi. Ukiwa mpangaji, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, kubalianeni mapema namna ya kurudishiana.

Mteja wa matumizi madogo, D1, anapata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, yaani 9,150 pamoja na makato. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni 350 kabla ya makato, na akizidisha mara kwa mara huhamishiwa T1. Kama wewe ni D1, lengo lako ni moja tu: usivuke uniti 2.5 kwa siku.

Hakiki viwango hivi kwenye risiti yako ya karibuni, maana bei hubadilika. Umefanikiwa ukiweza kusema "mwezi uliopita tulitumia uniti kadhaa" bila kutaja pesa.

## Hatua ya 2: Andika salio siku saba mfululizo

Chagua saa moja na usiibadilishe. Saa moja asubuhi ni nzuri, kwa sababu siku nzima iliyopita inaingia kwenye hesabu. Soma salio la uniti kwenye mita au kwenye kile kidude cha kuingizia tokeni, andika pamoja na tarakimu za baada ya nukta.

Matumizi ya siku = salio la jana + uniti ulizonunua − salio la leo.

Pembeni andika neno moja au mawili ya tofauti ya siku hiyo: "kupiga pasi", "wageni", "umeme ulikatika saa nne", "pampu". Maneno hayo yatakuwa na thamani kuliko namba zenyewe utakapokuta Jumamosi imekula mara mbili ya Jumatano.

Kosa la kawaida ni kusoma leo saa moja asubuhi, kesho saa tatu usiku. Siku moja inakuwa na saa 38, inayofuata inakuwa na saa 10, na unaanza kumshuku jirani bure.

Umefanikiwa ukiwa na namba saba na wastani wake. Tutachukua mfano wa nyumba iliyopata wastani wa uniti 4.6 kwa siku, sawa na 138 kwa mwezi.

## Hatua ya 3: Jifunze kusoma taa ndogo ya mita

Usoni mwa mita kuna taa ndogo, kwa kawaida nyekundu, inayopepesa. Kila pigo moja ni kiasi fulani cha umeme kilichopita. Karibu nayo pameandikwa namba kama 1000, 1600 au 3200 ikifuatiwa na "imp/kWh". Maana yake ni mapigo mangapi yanakamilisha uniti moja, kwa kuwa kWh moja ndiyo uniti moja.

Gawa 3,600,000 kwa namba hiyo upate kigezo cha mita yako:

- Mita ya 1000: kigezo ni 3,600
- Mita ya 1600: kigezo ni 2,250
- Mita ya 3200: kigezo ni 1,125

Sasa: wati = kigezo × idadi ya mapigo ÷ sekunde.

Kwa kitu kikubwa, pima mapigo 10. Tuseme mita ni ya 1600, jagi la maji limewashwa peke yake, na mapigo 10 yamechukua sekunde 15. 2,250 × 10 ÷ 15 = wati 1,500.

Kwa kitu kidogo, pima nafasi kati ya pigo moja na linalofuata. Mita ya 1000 ikipiga mara moja kila sekunde 80, ni 3,600 ÷ 80, yaani wati 45.

Angalia namna ya kuanza kuhesabu, maana wengi hukosea papo hapo. Pigo unalobonyezea saa linaitwa sifuri, si moja. Sifuri, moja, mbili, mpaka kumi, ndipo usimamishe. Ukianza na "moja" unakuwa umepima nafasi tisa na kugawa kana kwamba ni kumi, na kila kifaa kitaonekana kinakula zaidi kwa asilimia 11.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kidude cha tokeni tu, taa hiyo huioni. Tumia salio: zima vingine vyote, washa kifaa kimoja kwa saa nzima, toa salio la mwisho kwenye la mwanzo. Ni polepole, na kwa vitu vidogo kama king'amuzi haitoshi, lakini kwa friji, pasi na jiko inafaa kabisa.

## Hatua ya 4: Pima nyumba ikiwa "imezimwa"

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na ndicho kinachorukwa zaidi. Fanya jioni moja, uwaambie wote waliomo ndani wasiwashe kitu kwa nusu saa. Zima kompyuta kwa utaratibu wake kwanza.

Kipimo A: meini swichi imezimwa. Zima meini swichi, simama mbele ya mita dakika tano. Taa isipige hata mara moja. Kwenye mita nyingi, taa ikikaa imewaka tu bila kupepesa ina maana hakuna umeme unaopita, usiogope. Ikiendelea kupiga, kuna umeme unaotoka kati ya mita na meini swichi: ama waya umeharibika, ama kuna aliyeunga hapo. Hilo toa taarifa TANESCO. Usimwite fundi wa mtaani afungue, na usianze kufukua ukuta mwenyewe.

Kipimo B: meini swichi imewashwa, plagi zote zimechomolewa, taa zote zimezimwa. Kuchomoa, si kuzima kwa rimoti. Kumbuka vitu vilivyofungwa moja kwa moja bila plagi: hita ya bafuni, pampu, kengele ya geti, taa za nje. Vizime kwenye swichi zake.

Taa ikitulia, nyaya zako ni salama kwa upande huu. Ikipiga, kuna kifaa ulichosahau au kuna uvujaji. Tafuta hivi: zima breka ndogo zote kwenye meini swichi, kisha washa moja, subiri dakika mbili, washa nyingine, subiri. Breka inayofanya taa ianze kupiga ndiyo yenye tatizo. Fuata laini hiyo chumba kwa chumba.

Sababu za kawaida ni taa ya nje iliyoingia maji, soketi kwenye ukuta unaochuruzika masika, maungio ya waya wa pampu ya kisima, na koili ya hita iliyopasuka. Usipoona kifaa chochote, uvujaji uko kwenye waya wenyewe. Hapo mwite fundi apime kwa mega, ile mashine ya kupima insulesheni. Akikuambia "badilisha meini swichi tu itaisha" bila kupima, tafuta mwingine.

Kipimo C: chomeka kila kitu kama kawaida yenu, lakini usiwashe. TV imezimwa kwa rimoti, sabufa vilevile, king'amuzi, maikrowevu yenye saa, chaja ukutani. Friji iache imechomolewa kwa muda huu. Pima nafasi ya pigo hadi pigo.

Hapa kuna kanuni ya kukariri: kila wati 1 inayokwenda usiku na mchana ni uniti 0.72 kwa mwezi. Ukipata wati 45, hizo ni uniti 32 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 11,000 za mteja wa T1, kwa vitu ambavyo kila mtu anaamini vimezimwa. King'amuzi ndicho kinachoshangaza wengi. Vingi vinakula karibu sawa vikiwa na taa nyekundu kama vikiwa vinaonyesha.

Umefanikiwa kama A ni sifuri, B ni sifuri, na C umeiandika.

## Hatua ya 5: Pima kifaa kimoja kimoja

Washa kimoja, pima mapigo 10, andika wati, zima, nenda kingine. Usiamini kibandiko cha nyuma peke yake. Kinaonyesha kiwango cha juu, na umeme wa mtaa wako unaweza kuwa mdogo kuliko volti 230.

Ili ujue kama umepima sawasawa, viwango vya kawaida ni hivi:

- Hita ya bafuni ya papo kwa papo: wati 3,500 hadi 5,500
- Jagi la kuchemshia maji: 1,500 hadi 2,200
- Pasi kavu: 1,000 hadi 1,200, ya mvuke hufika 2,400
- Sahani moja ya jiko la umeme: 1,000 hadi 1,500
- Kiyoyozi cha BTU 12,000: 1,000 hadi 1,200
- Pampu ya nguvu farasi moja: 1,000 au zaidi kidogo
- Friji mota ikiwa inazunguka: 80 hadi 200
- Feni ya kusimama au ya dari: 50 hadi 75
- TV ya LED ya inchi 32: 40 hadi 60
- Balbu ya LED: 5 hadi 12

Tofautisha vinavyokula mfululizo na vinavyojizima vyenyewe. Feni, taa na TV ukizidisha wati kwa saa utapata jibu sahihi. Pasi, jiko, jiko la wali na kiyoyozi hujiwasha na kujizima kwa thamostati, kile kidude kinachodhibiti joto, hivyo ukisema "pasi wati 1,200 mara saa moja" utapata namba kubwa kuliko ukweli. Kwa hivyo soma salio kabla ya kuanza kupiga pasi na baada ya kumaliza, huku friji na vingine vikubwa vikiwa vimezimwa.

## Hatua ya 6: Friji inahitaji usiku wake peke yake

Friji haizimwi, ndiyo maana kosa dogo ndani yake ni ghali. Huwezi kuipima kwa mapigo 10, kwa kuwa inazunguka na kupumzika.

Saa tano usiku, zima kila kitu isipokuwa friji. Andika salio. Saa kumi na moja alfajiri andika tena. Zidisha tofauti kwa nne upate siku nzima, kisha ongeza kama robo, kwa sababu mchana kuna joto na mlango unafunguliwa. Ukilazimika kuwasha feni usiku huo, ipime kwanza na utoe sehemu yake.

Friji ndogo nzima hula kama uniti moja kwa siku, pungufu au zaidi kidogo. Ikifika mbili na ushee, kagua mambo haya kwa mpangilio huu:

Thamostati. Namba kubwa ni baridi zaidi na umeme zaidi. Friji nyingi zenye kitufe cha 1 hadi 7 hutosha kwenye 3. Kuiweka 7 ili "igandishe haraka" na kuisahau hapo ni sababu namba moja ya friji kutopumzika.

Mpira wa mlango. Weka noti nusu ndani nusu nje, funga mlango, ivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya moto inaingia hapo. Rudia kila upande, hasa pembe ya chini. Safisha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ukikataa, badilisha mpira, si friji.

Barafu. Ikizidi unene wa nusu sentimita, yeyusha. Zima friji, fungua mlango, acha iyeyuke yenyewe. Kamwe usichokonoe kwa kisu. Bomba la gesi limepita hapohapo nyuma ya bati jembamba, na tundu dogo kama la sindano linamaliza friji.

Nafasi na vumbi. Acha sentimita 10 nyuma. Isikae kwenye jua la dirisha wala ubavuni mwa jiko. Kama wavu mweusi wa mabomba ya nyuma uko nje, chomoa friji na ufute vumbi kwa brashi kila miezi mitatu.

Mota isiyopumzika. Kama yote hayo yako sawa na bado inazunguka saa nzima bila kusimama, gesi imepungua au thamostati imekufa. Hapo ni fundi friji.

Na ile tabia ya kuzima friji usiku kuokoa umeme? Iache. Asubuhi inazunguka kwa muda mrefu kurudisha ubaridi uliopotea, unachookoa ni kidogo sana, na nyama inaharibika.

## Hatua ya 7: Linganisha jedwali na daftari

Andika kila kifaa, wati zake, saa zake kwa siku, na uniti: wati × saa ÷ 1,000. Nyumba yetu ya mfano ilipata hivi kwa siku: friji 1.5, maji ya moto 1.2, TV na king'amuzi na sabufa 0.7, feni mbili 0.6, pasi 0.3, taa 0.3. Jumla 4.6, sawasawa na daftari.

Kwako isipokubaliana kabisa, tofauti ya asilimia 10 hadi 15 si tatizo. Daftari likizidi jedwali kwa zaidi ya hapo, rudi hatua ya 4. Kuna kifaa umesahau, au saa ulizoandika ni za kutamani kuliko za kweli. Muulize anayeshinda nyumbani, ndiye anayejua pampu inawashwa mara ngapi.

## Hatua ya 8: Punguza, ukianzia juu ya orodha

Maji ya moto kwanza. Familia ya watu wanne, kila mmoja dakika nane chini ya hita ya wati 4,500, inamaliza uniti 2.4 kwa siku. Kwa mwezi ni 72, karibu mgao wote wa D1, kwa kuoga tu. Mbeya, Njombe na Arusha huwezi kumwambia mtu aoge maji baridi mwezi wa saba, lakini dakika nne zinatosha, na hita nyingi zina kiwango cha kati ambacho watu hawakigusi. Funga maji wakati wa kujipaka sabuni. Wenye tangi la maji moto, liwashe saa moja kabla ya kuoga na ulizime. Likiachwa usiku na mchana linapoteza joto bure.

Kwenye jagi, chemsha kiasi cha chai unayokunywa na uweke chupani. Jagi lenye ukoko mweupe wa chumvi chemshia maji na siki, limwage, lisuuze.

Kupika. Maharage kwenye sahani ya umeme yanaweza kuchukua saa mbili. Presha kuka ya umeme inayaivisha kwa umeme ambao mara nyingi haufiki nusu uniti, kwa sababu mvuke hautoki na chungu kimefunikwa joto lisipotee. Ukipika kwa umeme kila siku, ununuzi huu unalipa kabla ya ununuzi mwingine wowote.

Vitu vya kipimo C. Weka TV, king'amuzi na sabufa kwenye ekstensheni moja yenye swichi, mahali mkono unapofika bila kuinama. Ikiwa nyuma ya kabati hakuna atakayeizima. Ekstensheni hiyo isibebe pasi wala jagi, nyingi haziwezi.

Pasi. Piga nguo za wiki kwa mkupuo mmoja, nzito kwanza, laini mwishoni ukiwa umeshachomoa pasi bado ina moto.

Taa. Badilisha kwanza zile zinazowaka muda mrefu. Balbu ya nje ya wati 60 inayowaka saa 12 kila usiku ni uniti 21.6 kwa mwezi. LED ya wati 5 ni 1.8. Ya chooni inaweza kusubiri.

Kiyoyozi. Weka nyuzi 25 au 26 ukiwasha na feni, osha chujio kila mwezi, ziba upenyo wa chini ya mlango.

Usinunue kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachoahidi kupunguza bili kwa nusu. Ndani mna kapasita na taa ya kijani. Kapasita inarekebisha kitu ambacho mita ya nyumbani haikitozi, kwa hiyo uniti zako hazibadiliki, na taa yake nayo inakula.

## Hatua ya 9: Pima tena

Fanya badiliko moja, kaa siku tatu, soma daftari, ndipo ufanye jingine. Ukibadilisha matano kwa mpigo hutajua lipi limesaidia na lipi la kuacha.

Nyumba ya mfano, bila kununua kitu zaidi ya mpira wa friji, ekstensheni na balbu, inaweza kufika: friji 1.1, maji 0.6, TV na wenzake 0.4, feni 0.6, pasi 0.2, taa 0.15. Hiyo ni 3.05 kwa siku, karibu uniti 92 kwa mwezi badala ya 138. Tofauti kwa bei ya T1 ni kama shilingi 16,500 kila mwezi. Bado haijafika 75, na haina haja ya kulazimisha kwa kukaa gizani. Kinachobaki ni friji yenyewe, siku itakapobadilishwa.

## Mkiwa mnachangia LUKU moja

Nyumba za kupanga zina ugumu wake: kila mtu anaamini mwenzake ndiye anayemaliza. Kugawana sawa kwa vichwa humwonea mwenye balbu na redio, na humpa mwenye hita sababu ya kutojali.

Suluhisho la haki ni sabmita, yaani mita ndogo, kwa kila chumba, ifungwe na fundi mwenye leseni baada ya mita kuu, kwa idhini ya mwenye nyumba. Kila tarehe moja soma zote mbele ya wote. Jumla ya sabmita haitalingana na mita kuu. Pengo ni taa za uani, pampu na makosa madogo ya mita. Pengo hilo ndilo la kugawana sawa. Likizidi sehemu moja ya kumi, fanyeni vipimo A na B vya hatua ya 4 pamoja.

Kama sabmita haziwezekani kwa sasa, pimeni vifaa vikubwa vya kila chumba kwa taa ya mita, kila mwenye chumba akiwa amesimama hapo anaona mwenyewe sekunde zinavyokwenda. Andikeni wati na saa za kila mmoja kwenye karatasi moja, mkubaliane mgao kwa uwiano huo, na mrudie mtu akinunua friji au akihama.